Sauti ya Wifi Marehemu

Simulizi hii nimeitunga kwa kichwa changu mwenyewe, neno kwa neno, hakuna mashine iliyonisogezea hata herufi. Haya, nukta na mikato imeweka simu. Na kuna sentensi mbili tatu simu ilizimalizia kabla mimi sijafika, nikaziona nzuri kuliko zangu, nikaziacha. Lakini uchungu wote uliomo ni wa mtu mwenye damu. Simu haijawahi kuachwa.

"Usije tena, mwanangu Zuhra. Tumeshakupata."

Zuhra alikuwa na pasi ya mkaa mkononi, simu kaibana begani, gauni lake la kuimbia limetandazwa mezani kama mgonjwa.

"Mmenipataje, mama, na mimi niko hapa Bombambili napiga pasi?"

"Sauti yako tunayo. Kijana wa studio katutengenezea wimbo. Jina la bi harusi limo, la bwana harusi limo, mpaka la shangazi aliyetoka Mbamba Bay limo. Uko kwenye flashi."

"Lakini mama, mimi wimbo huo sijauimba."

"Umeuimba, mwanangu. Tena umeimba vizuri kuliko mwaka jana kwa binti wa Walburga. Mwaka jana ulikuwa na mafua."

Mama wa bi harusi akakata simu. Zuhra akasimama hivyohivyo mpaka gauni likaanza kunuka moshi.

Zamani kidogo tu, hakuna sherehe ya maana Songea iliyofungwa bila Zuhra. Akishika kipaza sauti, mama wa bi harusi analia, baba wa bi harusi anajifanya ameingiwa na vumbi jichoni, na wajomba waliokuja kwa ajili ya nyama wanasahau nyama. Alikuwa na kawaida yake moja: kabla ya mstari wa mwisho anameza mate, sauti inakatika kidogo, halafu inarudi imelowa. Hapo ndipo watu walipokuwa wakimalizika.

Na kijana wa studio hakuhitaji kutajwa. Studio ya namna hiyo mtaani ilikuwa moja, na mwenyewe alikuwa Muhsini, mchumba wake.

Alimkuta Muhsini kwenye chumba chake nyuma ya duka la vifaa vya shule, magodoro yamegongomelewa ukutani, feni inazunguka kwa shida. Muhsini alikuwa fundi wa kila kitu siku hizi. Kadi za harusi, yeye. Nembo za maduka, yeye. Tangazo la dawa ya mende lenye muziki, yeye. Shairi la kumuaga mwalimu mkuu, hotuba ya msemaji wa ukoo, picha ya marehemu babu akitabasamu na babu mwenyewe maishani hakuwahi kutabasamu, yote yeye. Anaiambia akili mnemba, anasubiri kidogo, anakunywa soda, kazi imekwisha. Mchungaji alikuwa mteja wake, na shehe alikuwa mteja wake, kila mmoja kwa mlango wa nyuma.

"Umeniuza, Muhsini."

"Asalaam aleikum kwanza, mpenzi."

"Waaleikum salaam. Umeniuza."

"Nimekuuza vipi? Nimekupumzisha. Wewe ukae nyumbani ule, unenepe, sauti iende kazini. Nani mwingine Songea hii ana sauti inayofanya kazi yeye amelala?"

"Uliniambia unarekodi kwa ajili ya nyimbo zetu."

"Na hizo ni nyimbo zetu. Zetu mimi na wewe."

Zuhra akakumbuka zile alasiri alizokaa mbele ya kipaza sauti ndani ya chumba kile, jasho likimtiririka. Alisomeshwa maneno, akaambiwa acheke, akaambiwa alie, aite mama, apige vigelegele.

"Vigelegele vya nini tena?" aliuliza siku ile.

"Mashine lazima ikujue yote."

"Hata mama yangu hanijui yote."

"Mama yako hajaunganishwa na mtandao."

Walicheka siku ile. Zuhra akapiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani kaolewa.

"Muhsini," akasema sasa, na kiti hakukikalia, "sikatai sauti ifanye kazi. Lakini mshenga anakuja lini? Watu wa kwetu wananiuliza, nami nimechoka kuwajibu kwa kukohoa."

"Mwezi ujao."

"Mwezi uliopita ulisema mwezi ujao."

"Zuhra, unanijua mimi. Ngoja nikuandikie kitu."

Akainamia simu, vidole vikacheza. Simu ya Zuhra ikalia palepale, hatua mbili kutoka kwake.

*Malkia wa nafsi yangu, kila pumzi ninayovuta imebeba jina lako kama upepo wa asubuhi unavyobeba harufu ya kahawa. Subira yako ni taji, nami ni mtumwa wa taji hilo.*

"Hii umeandika wewe?"

"Nani mwingine?"

"Basi niambie kwa mdomo."

"Nakupenda."

"Endelea."

"Nakupenda sana. Kama... kama nini vile."

Zuhra akamtazama. Huyu ndiye Muhsini aliyewahi kumwandikia, mwanzo kabisa wa mapenzi yao: *umekula? mm nmekula mhogo tu nakuwaza.* Ujumbe ule ulikuwa na makosa na njaa ndani yake, na Zuhra alikuwa ameubusu kwenye kioo cha simu kama mwehu. Huyu wa taji na kahawa hakumjua.

"Kesho naenda Mbinga," Muhsini akasema haraka, akimshika mkono. "Kuna mzigo wa kadi. Nikirudi, mshenga. Wallahi."

Zuhra akakubali. Mjinga? Mjinga. Lakini mpendaji akipewa *wallahi* huwa haombi shahidi.

Asubuhi yake akapigiwa simu na Kasiana.

Kasiana, mwenyeji wa Maposeni, kazi yake ni kukodisha masufuria. Yakienda harusini anakwenda nayo, yakienda msibani anakwenda nayo, kwa Wakristo, kwa Waislamu, popote, maana aliwahi kurudishiwa sufuria lenye tundu na tangu hapo haamini binadamu.

"Zuhra, uko wapi?"

"Nipo. Sina kazi, sauti yangu imeenda kazini peke yake."

"Nini?"

"Tuache. Sema."

"Njoo Msamala kwa Mzee Abdulhamid, yule wa malori ya mahindi. Wana hitima, masufuria yangu makubwa yote yako huku, na wamenishikisha ndoo ya vitunguu kana kwamba nami ni mwana wa ukoo. Njoo unisaidie, utakula pilau."

"Hitima ya nani?"

"Nijue mimi? Ya marehemu."

Zuhra akajitanda mtandio akapanda bodaboda.

Uani kwa Mzee Abdulhamid kulikuwa na moshi, wanawake na makelele. Wanaume walikuwa upande wa mbele, chini ya turubai, na sauti ya Ustadhi Azizi ilikuwa ikipanda na kushuka kwa utulivu. Zuhra akaketi kando ya Kasiana, akashika kisu. Simu ikalia.

*Malkia wangu, hapa Mbinga milima imefunikwa na ukungu, na kila kilomita inayonitenga nawe ni mwiba moyoni.*

Akamsomea Kasiana kwa sauti ya chini.

"Yelewi!" Kasiana akasema. "Mtu kaenda kuchukua kadi anaandika hivyo? Angekuwa kaenda kuchukua mbao ingekuwaje?"

"Muache. Ananipenda."

"Anakupenda kwa barua kama ya serikali."

Mama Shakila, mwenye nyumba, akaja na sinia la iliki. Mwanamke mnene, mpole, macho mekundu ya kulia.

"Shikamoo, mama," Zuhra akasema.

"Marahaba, mwanangu. Mungu akulipe kwa kuja. Hata humjui marehemu, umekuja kumkatia vitunguu."

"Alikuwa mwanao, mama?"

"Alikuwa awe wifi wa mwanangu Shakila. Dada wa mchumba wake. Wazazi wao walikufa mapema, yule dada ndiye aliyemlea mdogo wake. Alikuwa mwimbaji wa sherehe, kila akiimba analeta kilo ya unga nyumbani. Hakuolewa kwa ajili ya mdogo wake. Halafu akafa kwa koo."

"Masikini!"

"Kwa koo, mwanangu. Lile koo lililomlisha mdogo wake ndilo lililomuua."

Zuhra akafuta jicho kwa mgongo wa mkono. Ilikuwa nusu vitunguu, nusu huruma. Alimwonea uchungu mwimbaji mwenzake.

"Tukasema," Mama Shakila akaendelea, "hatuwezi kuchukua kijana wa watu bila kumsomea dada yake. Ndoa iingie na baraka ya aliyemlea. Mume wangu ndiye aliyetaka, kijana mwenyewe alikuwa anasitasita, anaona haya kutuingiza gharama. Ana adabu sana."

"Ana bahati," Zuhra akasema.

"Na usione hivi, sauti ya marehemu tunayo. Kijana ni mtu wa kompyuta. Alichukua rekodi za dada yake za zamani, akaipa akili mnemba, ikamrudisha. Sasa anaimba na jina la Shakila."

Kasiana akaacha kisu hewani. "Mashine inafufua, mama?"

"Inafufua sauti tu. Mengine ni ya Mungu."

Kisomo kikaisha, pilau likapakuliwa, masinia yakapita. Wanawake wakakaa kwenye mikeka. Mama Shakila akamnong'oneza binti mmoja alete spika ndogo, akaiweka katikati, sauti akaipunguza isifike kwa ustadhi, maana ustadhi angesikia muziki kwenye hitima angeondoka na msahafu wake na sinia lake.

*Shakila, wifi yangu, mlango u wazi, ingia,
mdogo wangu mpole huyo, mimi nimekuachia...*

Tonge la Zuhra likasimama katikati ya sinia na mdomo.

Wanawake wakaanza kulia, mmoja, wawili, wote. Sauti ikapanda, ikashuka, ikafika kabla ya mstari wa mwisho. Ikameza mate. Ikakatika kidogo. Ikarudi imelowa.

Hata mate yake walikuwa wamechukua.

Kasiana akamkanyaga mguu. "Zuhra," akanong'ona. "Si wewe huyo?"

"Nyamaza."

"Ni wewe!"

"Mimi ni marehemu. Nyamaza, kula."

Bibi mmoja pembeni, shavu limejaa nyama na machozi, akamgeukia Zuhra. "Angekuwa hai huyu, ningembusu miguu."

Zuhra akaivuta miguu yake chini ya kanga.

"Kula, mwanangu," bibi akamsukumia mnofu. "Ni sadaka ya marehemu. Ukila, yeye huko anashiba."

Zuhra akala. Afanye nini? Akala pilau la hitima yake mwenyewe, na lilikuwa na chumvi ya kutosha.

Bado alikuwa akijidanganya, tumsamehe. Alijiambia: Muhsini ameuza tena sauti kwa mteja, mteja huyo ndiye mwongo, Muhsini wangu hajui. Yuko Mbinga, kwenye ukungu. Akamwegemea Mama Shakila, akauliza kwa upole mkubwa kuliko alionao:

"Mama, mkwe wenu mtarajiwa ni nani?"

"Ngoja nikuonyeshe."

Akaja na picha kubwa ya fremu. Kijana na dada yake wamekaa kwenye kochi. Dada alikuwa mzuri wa kutisha, ngozi laini kama plastiki, mkono mzima hauna hata alama ya chanjo, mtu asiyewahi kuzaliwa na mtu. Zuhra hakumwona kabisa. Alimwona kijana aliyemwekea mkono begani, na meno yake, na shati la bluu ambalo yeye Zuhra ndiye aliyemshonea kifungo cha juu.

"Anaitwa Muhsini," Mama Shakila akasema. "Yuko pale mbele na wanaume. Baadaye atakuja kuwashukuru."

Zuhra akainuka. Miguu ikampeleka kwenye tangi la maji, nyuma ya nyumba. Akatoa simu, akaandika: *Uko wapi?*

Jibu likaja upesi: *Mbinga mpnz. Mtandao mbovu.*

Hili aliliandika mwenyewe, kwa haraka, bila mashine. Zuhra akalitambua kwa ule ufupi wake. Ujumbe wa kwanza wa mkono wake mwenyewe kwa muda mrefu, na ulikuwa uongo.

"Dada, maji yamekwisha kwenye ndoo?"

Msichana mwembamba alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe, mtandio mweupe, macho ya mtu asiyelala vizuri. Zuhra hakuhitaji kuambiwa. Huyu ndiye Shakila.

"Yapo," Zuhra akasema. "Chota tu."

Shakila hakuchota. "Hebu rudia."

"Nirudie nini?"

Kikombe kikamdondoka.

"Ni kama yeye," Shakila akasema. "Unavyosema. Ni kama wifi."

"Wifi yako anaimba, mimi nasema tu."

"Na yeye anasema pia. Muhsini huwa ananitumia sauti yake, sijamwambia mama." Akatazama nyuma, akashusha sauti. "Ananiambia, dada anakusalimia. Nafungua, namsikia marehemu ananiita jina. Mwanzo nililia kwa furaha. Sasa naogopa, dada. Juzi kaniambia nimwombe baba amfungulie Muhsini studio kubwa pale mjini, ndipo yeye atulie huko aliko."

"Marehemu kasema hivyo?"

"Kwa sauti kabisa. Na baba kakubali. Atasemaje kwa marehemu, hapana?"

Zuhra akacheka. Kicheko kilitoka kibaya, Shakila akarudi nyuma hatua.

"Basi mimi ni mtu wa shida sana. Nimekufa kwa koo, nimeomba studio, na leo nimekula pilau."

"Unasema nini?"

"Nasema wifi yako hakufa, Shakila, kwa sababu hakuwa wifi yako. Mimi ni mchumba wa Muhsini. Ananiambia mshenga anakuja mwezi ujao."

"Muongo wewe."

"Sawa."

"Muhsini hawezi. Muhsini analia akimtaja dada yake. Machozi, nayaona!"

"Mimi pia alinililia. Labda machozi ndiyo kitu pekee anachotengeneza mwenyewe."

Hakuwa mjinga yule msichana, alikuwa amependa tu, na tofauti ya hayo mawili huonekana baadaye.

"Imba," akasema.

"Hapa?"

"Mbele ya mama. Ukiwa muongo watakupiga na miko, nami nitachagua mwiko mkubwa kuliko yote."

Wakarudi uani. Shakila akaizima spika. Wanawake wakanung'unika: "Mwache wifi yako aimbe!" Shakila akamwonyesha Zuhra kwa kidevu.

Zuhra angeweza kupiga kelele. Angeweza kuvunja fremu ile, na Kasiana tayari alikuwa ameshika mfuniko wa sufuria akingoja ishara. Lakini kitu alichokitaka kilikuwa kidogo sana, mpaka anakionea aibu: Muhsini aje, asimame mbele ya watu, aseme *namjua*. Basi. Hata kama hamtaki. Aseme tu kwamba ni mtu aliyewahi kuwa naye, si rekodi.

Akafumba macho.

*Shakila, wifi yangu, mlango u wazi, ingia,
mdogo wangu mpole huyo...*

Akafika pale pake. Akameza mate, na safari hii hayakuwa mate, yalikuwa machozi.

*...mimi nimekuachia.*

Neno hilo alikuwa ameliimba mwenyewe sasa. Sasa lilikuwa la kweli.

"Nani kafungulia muziki na watu bado wapo kwenye hitima?"

Mzee Abdulhamid alikuwa amesimama mlangoni, kanzu nyeupe, fimbo mkononi. Nyuma yake Ustadhi Azizi akifuta mikono kwa leso, na nyuma ya ustadhi Muhsini, kofia ya vito, kanzu mpya iliyonyooka, mtu wa Mbinga huyo.

"Si muziki, mume wangu," Mama Shakila akasema, mkono kifuani. "Ni mtu."

"Mtu gani?"

"Huyu. Sauti ni ya marehemu. Mimi nimechanganyikiwa."

Muhsini alikuwa amemwona. Rangi ikamshuka usoni kama maji yanavyoshuka kwenye ungo. Zuhra akamtazama tu, macho makavu. Sema, akamwambia kwa macho. Neno moja.

Shakila akasogea katikati yao. "Muhsini. Unamjua huyu?"

"Nani?"

"Huyu dada."

Mkono wa Muhsini ukaingia mfukoni mwa kanzu kuigusa simu, ukatoka mtupu. Akamtazama Zuhra kuanzia mtandio mpaka kandambili, taratibu, kama anayejaribu kukumbuka.

"Simjui," akasema. "Sijawahi kumwona maisha yangu."

Kasiana akaachia mfuniko. Ulilia sakafuni, ukazunguka, ukatulia, na hakuna aliyeinama kuuokota.

"Na sauti?" akauliza Mzee Abdulhamid.

"Mzee, siku hizi watu hawana haya." Sauti ya Muhsini ilianza kupata nguvu. "Wimbo huu umezunguka kwenye simu za watu. Atakuwa ameusikia, akaujifunza, akaja kuutafutia riziki kwenye msiba wangu. Wanaiba sauti za watu, mzee. Wanaiba hata za marehemu!"

"Usiseme hivyo, baba," Mama Shakila akasema, lakini taratibu, na akawa tayari anamtazama Zuhra kwa jicho jingine. Bibi wa kubusu miguu naye akasogeza sinia lake mbali.

"Mtoeni tu," Muhsini akasema. "Mimi nimemsamehe. Dada yangu angemsamehe."

Zuhra akajifunga mtandio wake vizuri. Alikuwa amekwisha. Hakuwa na picha, maana Muhsini hakupenda kupigwa picha naye. Alisema atamtengenezea nzuri zaidi. Akageuka kutafuta kandambili zake, akakumbuka kwamba amezivaa.

"Subiri kidogo, mwanangu," akasema Ustadhi Azizi.

Alikuwa mzee wa sauti ndogo, mtu wa kukaa kimya mpaka watu wanasahau kama yupo. Akasogea mbele ya Zuhra, akaangalia chini kwa heshima.

"Unaitwa nani?"

"Zuhra, shehe."

"Binti nani?"

"Binti Daimu."

"Wa wapi?"

"Nalasi, Tunduru. Baba yangu ni mtu wa korosho kule."

Ustadhi akatikisa kichwa polepole. Akaikunja leso yake, akaitia mfukoni, kisha akamgeukia Muhsini bila kupandisha sauti hata kidogo.

"Kijana wangu, kabla sijaanza kisomo nilikuuliza jina la marehemu na la baba yake, kwa sababu dua inataka jina. Hukufikiri hata kidogo. Ulinijibu palepale. Sasa niambie mbele ya mkweo: huyu usiyemjua, ambaye hujawahi kumwona maisha yako, nimemuombeaje maghufira tangu asubuhi, yeye na Daimu baba yake wa Nalasi?"